Neno moja la ziwa letu lilivyonitoa barazani na kunipandisha boti na mama mkwe

Wakuu, habari za humu ndani.

Leo nawaletea kisa cha kwangu mwenyewe. Mimi si mwandishi, na wengi wenu mmenizidi shule. Ila niliyoandika hapa niliyaona kwa macho haya haya, na shahidi wangu ni mama mkwe, mtu ambaye hata umpe nini hawezi kunipendelea.

Kwanza mnijue.

Niko Rusimbi, hapa Kigoma-Ujiji. Ni fundi redio, feni na pasi, na ofisi yangu ni baraza la nyumba yangu. Kwenda kazini ni kuvuka sebule. Wenzangu wanasafiri kwenda Dar, wengine wanavuka hadi Bujumbura. Mimi safari yangu ya mbali ni dukani kununua vocha, na nikirudi napumzika.

Mke wangu Salome husema siku nikifa ndugu watapata nafuu, maana hakutakuwa na gharama ya kunirudisha nyumbani.

Ziwa Tanganyika liko hapo chini tu, upepo ukigeuka naisikia harufu yake. Lakini kupanda boti? Mara ya mwisho nilikuwa mwanafunzi. Tangu hapo nimepata uzito wa mfuko wa saruji, na naamini naelea kama mfuko huo huo.

Sasa twende kwenye kisa.

Salome ana mdogo wake, Yustina. Kwao ni Kalinzi, kule juu milimani kwenye kahawa. Alisoma cheti cha kuongoza watalii, akaja kukaa kwetu huku akitafuta kazi. Binti ana akili, ana nidhamu, na analipenda ziwa kama vile amezaliwa ndani yake.

Ana kitu kimoja tu. Kigugumizi.

Na si cha kila neno, wakuu. Kinamvizia kwenye herufi M.

Hebu jaribuni kuishi kwa Kiswahili bila M. Mkate. Mchele. Mafuta. Mkaa. Dukani, akitaka mkate, Yustina alikuwa akisema, "Nipe ile ya kunywea chai." Mchele aliuita wali ambao haujaiva. Mwenye duka alikuwa anacheka, anadhani binti ana utani.

Mgebuka, samaki wetu ambaye mtu wa Kigoma akimkosa wiki nzima anaanza kuumwa, Yustina alimbatiza, kwa urefu wake, jina la "samaki rula". Na mama yake mzazi alimwita "bibi yao", yaani bibi wa wanangu. Kwa muda wote aliokaa kwangu sikuwahi kumsikia akitamka neno mama.

Alikuwa fundi wa kukwepa kuliko mimi nilivyo fundi wa feni.

Basi siku moja akapigiwa simu. Kampuni moja ya boti za watalii, jina lake nalihifadhi, imemwita kwenye interview. Kila mwombaji amepewa mada, na ataieleza ndani ya boti, majini, mbele ya watu. Mada ya Yustina ilikuwa hii: kwa nini samaki wa ziwa hili wanaishi maji ya juu, na huko chini kabisa hakuna anayekaa.

Kiswahili kinaruhusiwa, wakasema. Ila neno la kitaalamu litajwe lilivyo, kwa sababu wateja wao wengi ni watafiti na watataka kulisikia.

Neno lenyewe ni meromictic.

Yaani kwenye kamusi nzima ya Kiingereza, ziwa letu likachagua neno linaloanza na M.

Habari ikafika Kalinzi. Baba mkwe akapiga simu, na yeye akiongea na simu anaongea kama anaita mtu ng'ambo ya bonde, kwa hiyo nyumba nzima tulisikia.

"Kazi ya mdomo waachiwe wenye mdomo," alisema. "Akishindwa hiyo arudi huku. Kahawa haimuulizi mtu maswali."

Yustina alikuwa anaosha vyombo. Aliendelea kuosha sahani ile ile kwa muda mrefu sana.

Mnaona mambo yalipofikia. Apite abaki na ziwa lake, au ashindwe apande kurudi kwenye kahawa. Na kahawa si kitu kibaya, mimi naipenda ikiwa kwenye kikombe. Lakini yeye hakuitaka.

Hapo ndipo nikajitolea kuwa mwalimu.

Msicheke. Kiingereza form four nilipata C, na hiyo C nimeitunza vizuri, sijaitumia kabisa hadi leo, bado mpya.

Nikaweka bando, nikaingia kwenye kamusi za mtandaoni. Nikakuta kumbe neno limeunganishwa kama redio ya mtumba, vipande vya huku na huku. Mero ni Kigiriki, maana yake sehemu. Mictic nayo asili yake huko huko, inatokana na kuchanganyika. Ile "ic" ya mwisho ni mkia tu wa kuligeuza liwe neno la sifa. Jumla yake: kilichochanganyika kwa sehemu.

Nikamwita Yustina barazani nimfundishe kwa mfano. Nikachukua kikombe cha chai, nikatia sukari, nikakoroga juu juu.

"Unaona," nikamwambia, "huku juu unakunywa chai, huko chini kuna sharubati imelala. Ndiyo ziwa letu hilo. Upepo unakoroga ya juu, ya chini haifikiwi. Oksijeni inaishia njiani, na samaki si mjinga, anakaa penye hewa."

Yustina aliniangalia kwa heshima.

"Shem," akasema, "hayo nilishayasoma chuoni. Tatizo langu ni kulisema."

Nikanywa chai yangu.

Tukaingia kwenye matamshi. Mimi nililisoma kwa kujiamini: me-ro-mi-ki-ti-ki. Silabi sita. Tukabonyeza ile sauti ya kwenye simu, yule mama wa Kizungu akasema silabi nne tu na kunyamaza. Me-ro-mic-tic. Tukambonyeza tena, labda alikuwa na haraka. Nne zile zile.

Unajua midomo yetu haipendi konsonanti mbili zigongane. Tunaziwekea irabu katikati kama watu wanaoamua ugomvi. Kumbe huyu k na t anawaacha wagongane, ile "ro" anaimeza nusu, na nguvu yote anaipeleka kwenye "mic". Nafuu yetu ni kwamba hiyo ni silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale Kiswahili kinapowekaga mkazo. Nilifurahi kama vile nimegundua mimi.

Mwanafunzi wangu sasa. "Ro-mic-tic" alikuwa anaisema safi kuliko simu. Ila kuifikia ilibidi avuke "me".

Nikaamua tufanye mazoezi ya "me" peke yake. Asubuhi na mapema, barazani, mimi na shemeji yangu: me, me, me, me.

Jirani yetu Mama Shukuru akachungulia juu ya ukuta.

"Fundi, mmenunua mbuzi? Siku ya kuchinja mtukumbuke na sisi."

Yustina alicheka hadi machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Na mimi nina ugonjwa mwingine, afadhali niseme. Mtu akikwama kwenye neno, siwezi kuvumilia. Lazima nimmalizie. Akisema "M-m-m" tu, mimi huyo: "Meromictic!" kama redio iliyowashwa ghafla. Nilidhani namsaidia. Hadi siku moja aliponigeukia.

"Shem, ukinimalizia neno, na kazi utakwenda kunimalizia?"

Kutoka ndani Salome akasema, "Jibu, fundi."

Nikashika bisibisi, nikarudi kwenye redio ya mteja.

Ngojeni kidogo, kuna mtu kaleta feni.

...

Nimerudi. Haikuwa feni, ilikuwa maneno. Kaifungua feni yake mwenyewe nyumbani kaiharibu zaidi, anataka niseme ubovu ni wa kiwandani.

Tuendelee.

Siku ya interview ikiwa imekaribia, bodaboda ikasimama nje. Akashuka mama mkwe, na mkungu wa ndizi, na maharage. Wakuu, mama mkwe wangu hashuki Kalinzi bila sababu.

"Baba yenu kanituma," akasema. "Nije nikae, mambo yakishindikana nirudi na huyu binti."

Mimi nilikuwa nimeshajisogeza nyuma ya makasha ya redio, kwa adabu. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe hivi hivi, tunaheshimiana kwa umbali. Kwa hiyo nilikuwa nimeinamia pasi ya mteja, najifanya sipo.

Yustina akatoka kumpokea.

Sasa kwa wasiotujua: Muha, yaani sisi wenyeji wa huku Kigoma, akikusalimia kwa heshima, anainama kidogo na kupiga makofi, taratibu, kwa mapigo, huku maneno yanafuata yale mapigo. Na salamu yenyewe si ya kupita. Inauliza nyumba, inauliza majirani, inauliza shamba, mbuzi, mvua. Mgeni wa kutoka Dar anaweza kuondoka akarudi akatukuta bado tunasalimiana.

Yustina akainama, akapiga makofi.

"Mwakeye, mama."

Nikainua kichwa.

Fundi redio anazoea mkwaruzo hadi hausikii tena. Kinachomshtua ni ukikatika.

Wakaendelea. Mama aliuliza, binti akajibu, makofi yakienda. Migomba ikoje, majirani wameamkaje, mvua imefika wapi. M zilikuwa zinapita mfululizo kama dagaa kwenye taa, hakuna hata moja iliyokwama.

Kumkatiza mama mkwe sikuweza. Nikamfuata Salome jikoni.

"Umemsikia mdogo wako?"

"Kwenye salamu? Hajawahi kukwama huko tangu mtoto."

"Na hukuniambia!"

"Wewe si ulikuwa mwalimu," akasema huku anasonga ugali. "Nani angekuingilia darasani?"

Mchana ule, mama mkwe akiwa amekaa kwenye mkeka anapembua maharage, Salome akamnong'oneza mdogo wake ajaribu lile neno kwa mapigo ya salamu. Yustina aliona aibu. Akainama kidogo, akapiga makofi manne, kofi moja kila silabi.

"Me-ro-mic-tic."

Likatoka. Akasimama vile vile, kama mtu aliyesukuma mlango akidhani umefungwa. Akarudia. Likatoka tena.

Sasa mama mkwe. Yeye alichoona ni mtoto wake kamwinamia na kumpigia makofi. Neno halijui, lakini salamu haiachwi hewani. Akaweka ungo chini, akakung'uta vumbi la maharage mikononi, akapiga yake manne.

"Meromictic, mwanangu."

Silabi nne, wakuu! Mkazo mahali pake! Mimi na C yangu na bando langu!

Kisha akauliza, "Salamu ya wapi hiyo?"

"Ya ziwani," akajibu Salome bila kucheka.

"Nzuri," akasema mama mkwe. "Fupi lakini."

Mngedhani kisa kimeisha. Hapana. Yustina jioni akakataa.

"Sitapiga viganja kwa wale watu," akasema. "Watasema wameletewa ngoma. Nitalisema kama wanavyolisema wengine."

Nilitaka kubisha. Nikakumbuka nilishaambiwa nisimalizie watu.

Siku ikafika. Kampuni ilitaka kila mwombaji aje na watu wawili wa kukaa kama watalii, ili boti isiwe tupu. Salome ni muuguzi, alikuwa zamu. Tukabaki mimi na mama mkwe. Yustina alituangalia kama mtu aliyefika sokoni amechelewa akakuta nyanya mbili za mwisho.

Boti ilikuwa inapakilia upande wa Kibirizi, palepale wanapoanika dagaa. Mama mkwe akavalishwa jaketi la kuokolea juu ya kitenge. Akalikagua, akauliza kama ni la kwenda nalo nyumbani.

Mimi tatizo langu la kwanza halikuwa maji. Lilikuwa benchi. Benchi lililobaki ni moja, mkwe na mama mkwe tubanane bega kwa bega. Adabu za ukwe hazikutungwa na mtu wa boti. Tukaangaliana, kila mmoja akaangalia pembeni. Mwisho nikaenda kukaa nyuma kabisa ubavuni mwa injini, nikavuta moshi wa petroli safari nzima kwa ajili ya heshima.

Mwenye kampuni alikuwa mama mmoja wa makamo, amevaa kofia pana, si mtu wa kutabasamu ovyo. Waombaji wengine walisema wakamaliza. Walisema vizuri, kwa kweli, kama taarifa ya habari.

Injini ikazimwa. Yustina akapewa kipaza sauti.

Alianza vizuri. Nilisikia anavyokwepa, ila ambaye hamjui asingejua. "Ziwa hili lina kina kikubwa sana. Hapa juu upepo unalikoroga, hewa inaingia, na ndiyo sababu dagaa wapo huku." Watu wanatikisa vichwa.

Halafu akafika.

"Wataalamu wanasema ziwa hili ni m..."

Akahamishia kipaza sauti mkono wa pili.

"Ni m... m..."

Maji yakawa yanapiga ubavu wa boti, tap, tap. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akatoa simu, akajifanya anasoma.

Wakuu, lile neno lilikuwa kinywani mwangu, zima, silabi zote nne, limepangwa tayari kutoka. Nikang'ata ukosi wa jaketi langu la kuokolea. Sisemi kwa mfano, niliung'ata kwa meno. Una ladha ya jasho la watalii wote waliotangulia.

Mwenye kofia akamwonea huruma. "Dada, liruke hilo. Endelea mbele."

Ilikuwa njia nyeupe kabisa. Hakuna ambaye angemlaumu. Na kuruka ndicho kitu alichokuwa anakijua kuliko wote.

Yustina akatikisa kichwa.

"Nishikie," akasema, akampa yule mama kipaza sauti.

Bosi akakipokea, nadhani kwa mshangao tu.

Yustina akainama pale pale mbele ya boti, akapiga makofi taratibu.

"Mwakeye."

Mama mkwe hakusubiri mtu. Akapiga makofi yake kwenye benchi lake, peke yake, kwa sauti ya milimani. "Mwakeye!" Wenyeji wawili watatu wakaitika kwa nyuma, mazoea tu, mikono yenyewe ilijiendea. Nahodha naye.

Makofi hayakukatika.

"Ziwa hili ni me-ro-mic-tic."

"Meromictic!" akaitika mama mkwe.

Na boti nzima ikaitika. Mimi pia, ila sasa nilikuwa naruhusiwa.

Yustina akanyooka. Hakupiga makofi tena. Akaeleza mero ni sehemu, mictic ni kuchanganyika, na kwamba maji ya juu na maji ya chini ya ziwa hili yanakaa nyumba moja bila kuchanganyika yote. Alikwama tena, kwenye "maji". Akasubiri. Likatoka. Akafika kwa samaki, nikajua sasa inakuja samaki rula.

"Na huku juu," akasema, "ndiko anakokaa m... m... mgebuka."

Kilichukua muda. Lakini alikuwa mgebuka, kwa jina lake.

Tuliporudi ufukweni yule mwenye kofia akamwita pembeni, mimi nikiwa naomba ardhi msamaha kwa kuiacha.

"Umechukua muda kuliko wenzako wote," akamwambia.

"Ndiyo."

"Wiki ijayo uanze na boti ndogo, kwa majaribio. Tutaona." Akaanza kuondoka, akageuka. "Ile salamu usiiache."

Hakuna zaidi. Hakumkumbatia mtu.

Jioni baba mkwe akapiga simu. Mama mkwe akaipokea barazani, mimi nikiwa nyuma ya makasha yangu.

"Mnarudi lini?" sauti ikavuka bonde.

"Mimi kesho," akasema mama mkwe.

"Na huyo?"

"Huyo ana kazi ya mdomo."

Akakata simu, akarudi kwenye maharage yake.

Basi wakuu, hayo ndiyo yaliyonikuta. Sisemi makofi ni dawa ya kigugumizi. Yustina anakwama hadi leo, hata asubuhi hii amekwama. Tofauti ni kwamba hakwepi. Anaenda dukani anaomba "m... mkate", na mwenye duka siku hizi anasubiri, hacheki.

Mimi nilichojifunza ni kidogo na kinaniuma: nilikuwa nafundisha neno wakati kilichohitajika ni kunyamaza. Anapokwama sasa nabana skrubu kwa meno hadi amalize. Nimeshameza moja.

Na boti sipandi tena. Hilo msinishauri.

Wenye ndugu au watoto wenye hali hii, tuambieni nini kiliwasaidia. Na wewe ambaye neno linakukwama mwenyewe, karibu uandike hapa. Nawaomba wengine wote mtu akianza sentensi humu asimaliziwe.

Andika taratibu. Tunasubiri.